Nanaa Niliyompelekea Jirani

Nanaa iliyoharibu tuta la vitunguu la jirani yangu ilitoka kwangu. Nilijua tangu siku aliyong'oa chipukizi na kuninusisha, nikanyamaza. Yeye aliamini imekuja na samadi aliyonunua, akamfokea mbele yangu kijana aliyemletea, nami nikaacha.

Hapa Lushoto kuna ubaridi na unyevu, nanaa haihitaji kubembelezwa. Niliipanda bustanini wazi wazi, ikamaliza mchicha, ikaingia kwenye karoti. Nikashika jembe nikaikatakata kwa hasira. Kumbe nanaa hutambaa kwa mashina meupe yanayopita chini kidogo tu ya udongo, na kila kifundo cha shina hilo chaweza kutoa mizizi na chipukizi. Nilikuwa nazalisha miche. Vipande vile vibichi nikavitupa kwenye shimo la mboji, na jirani alipoomba mboji nikampa debe zima. Vitunguu mizizi yake ni mifupi. Vilizongwa vikabaki vidogo kama vya mbegu.

Hatimaye nilikwenda kwake. "Shikamoo mama. Nanaa ile ilitoka kwenye mboji yangu, na nilijua." Hakuniuliza habari za vitunguu. Aliniuliza, "Sasa mbona ulimwacha mtoto wa watu nimtukane?" Niliona aibu ya kweli, kwa sababu sikuwa na jibu zaidi ya woga.

Tulilisafisha tuta pamoja, kwa mikono. Udongo ukiwa na unyevu unaulegeza kwa vidole, unalifuata shina hadi mwisho wake bila kulikata. Nilichong'oa nilikianika juu ya bati hadi kikakauka na kuvunjika. Kibichi hakiingii tena kwenye mboji. Nanaa yangu sasa iko ndani ya ndoo iliyotolewa kitako, nimeifukia lakini ukingo nimeuacha juu ya ardhi, maana mashina hurukia nje pia, na yanayoning'inia nayakata. Naipogoa kabla haijatoa maua, juu tu ya jozi ya majani, hapo huchipua matawi mawili na majani hubaki laini yenye harufu.

Kijana wa samadi nilimfuata sokoni nikamweleza. Alinisamehe. Kwa jirani, hata hivyo, hajapeleka tena mzigo, na mama huyo sasa hufuata samadi mwenyewe, mbali, kwa miguu.