Chai ya dirishani

Muscat, Oman

Ndugu zangu wa nyumbani,

Joto limeanza kupungua na watu wa huku wameanza kutoka. Kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, kila Ijumaa na Jumamosi, ambazo ndizo siku za mapumziko hapa, magari hujazwa majamvi, mkaa, masufuria na watoto, yakaelekea milimani au ufukweni. Asiye na gari hubaki akihesabu viyoyozi vya majirani. Mimi sina gari, ila nina jirani. Mama yake alizaliwa Pemba, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ilitawanyika. Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 akawaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi, nao wakaja. Ndiyo maana mimi, Mchaga wa Marangu niliyekuja huku kufanya hesabu za kampuni ya watu, nina nyumba ya pili ambako naamkia shikamoo na kuitikiwa marahaba.

Kwanza niwaeleze chai inavyonywewa. Unasimamisha gari mbele ya mkahawa, unapiga honi, basi. Kijana anatoka mbio, mara nyingi mtu wa Kerala au wa Bangladesh, anainama dirishani, unamwambia karak mbili. Karak ni chai ya maziwa iliyochemshwa hadi ikashika rangi ya tofali, ina iliki tele na sukari ya kumkasirisha daktari yeyote. Inaletwa kwenye kikombe cha karatasi, kwa baisa mia moja au mia mbili. Baisa elfu moja ndiyo riyali. Huteremki. Hata injini huzimi, maana ukizima na ubaridi umekwisha.

Jirani yangu haoni ajabu yoyote. Juni, joto likifika nyuzi arobaini na tano, nani ateremke kwa ajili ya chai? Ana hoja. Ila mimi nimekulia mahali ambapo ukimpigia mtu mzima honi akuletee kinywaji, utaitiwa kikao cha ukoo. Halafu kuna hili: yule kijana na mimi sote tuko hapa kwa kibali cha mwajiri. Kila mmoja wetu ana familia inayosubiri mwisho wa mwezi. Tofauti yetu ni mshahara, na upande gani wa kioo mtu amesimama. Nikiwa mimi ndiye niliyekaa karibu na mlango, hushuka nikaagiza kaunta. Jirani hucheka, husema nawaharibia vijana bahashishi zao. Inawezekana.

Ijumaa hii tulikwenda Nizwa. Ni kilomita kama mia na hamsini kutoka Muscat, barabara pana inayopenya katikati ya milima ya Hajar, milima mikavu isiyo na jani, ambayo kwa mtu wa Kilimanjaro inatia huruma kidogo. Tuliondoka alfajiri ili tuuwahi mnada wa mbuzi. Mnada wenyewe hauna kipaza sauti wala jukwaa. Wanunuzi wanakaa na kusimama wakazunguka duara, na wauzaji wanapita ndani yake wakiwavuta wanyama kwa kamba huku wakitaja bei kwa sauti. Ukimpenda mbuzi, unamshika muuzaji mkono. Unampapasa mnyama mgongo, unafungua mdomo wake ukague meno, unapima kiwele, kisha mnaanza kubishana. Wazee wana kanzu nyeupe, kofia zilizodariziwa na bakora mkononi. Kofia zile ukizivusha bahari hadi Unguja hakuna atakayegeuka kuzitazama. Mabedui wa kike, wengine na barakoa zao, wanapanga bei wenyewe bila kumsubiri mwanamume.

Nyuma ya soko ndipo lilipo buruji la Nizwa, la mviringo na pana ajabu, lililojengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, yule aliyewafukuza Wareno Muscat mwaka 1650. Mwanawe ndiye aliyekuwa imamu Fort Jesus ya Mombasa ilipoangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Watalii walikuwa wamepanga foleni. Sisi tulikwenda kwenye halua.

Halua ya Nizwa na ya Wete, Pemba, ni ndugu wa tumbo moja: wanga, sukari, samli, iliki, zafarani, inakorogwa kwenye sufuria kubwa ya shaba mpaka mikono ya mkorogaji iseme basi. Hapa huongeza maji ya waridi, na mawaridi yenyewe hutoka Jebel Akhdar, mlima ulio karibu. Unaonja kabla ya kununua, na kahawa chungu inamiminwa kwenye finjani. Ukitosheka unaitikisa finjani kidogo; usipoitikisa utajaziwa hadi magharibi. Bi Mkubwa, mama yake jirani, alionja za maduka matatu, akazisifu zote mbele ya wenyewe, tulipofika garini akasema samli siku hizi si samli.

Lakini nilichotaka hasa kuwasimulia kiko Birkat al Mouz, kijiji chini ya huo Jebel Akhdar. Nilipoona migomba nilinyamaza. Migomba, ndugu zangu, chini ya mitende, na pembeni yake mfereji wa maji yanayokimbia. Wao huuita falaj. Mifereji ya namna hii ipatayo elfu tatu bado inafanya kazi Oman, na mitano, ukiwamo huu wa hapa, iliingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Maji hayasukumwi na mashine. Yanateremka kwa mwinamo tu. Kwanza yanapita mahali pa kuchota ya kunywa, kisha msikitini na pa kuogea, ndipo yaende mashambani. Kila shamba lina zamu yake ya saa. Zamani zamu ilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa mchana na kwa nyota usiku.

Sasa nani kati yenu aliyekulia chini ya Kibo asiyeujua mfongo, mfereji wetu? Wenye mfongo, mzee wake, siku za kwenda kuuzibua pamoja, faini ya aliyeiba maji usiku. Nilimweleza jirani, akauliza kama wizi wa maji kwetu huzua ugomvi. Nikamwambia huzua kesi zinazorithiwa.

Tulitandika jamvi chini ya mitende. Bi Mkubwa alifungua pilau, kachumbari, sambusa, achari ya ndimu na mkate wa kumimina, vyote kwenye sinia na bakuli, hakuna sahani ya mtu mmoja. Hatua chache kutoka hapo alikuwapo mfanyakazi wa shamba, Mbangladeshi, akiziba mlango wa mfereji kwa jiwe na matambara ili maji yageukie migomba ya tajiri wake. Bi Mkubwa akamwita kwa Kiarabu, na alipoona anasitasita akamalizia kwa Kiswahili, "Njoo ule, mwanangu, usinipotezee wakati." Akaja. Alinawa, akakaa ukingoni mwa jamvi, akala nasi kwenye sinia moja. Kila baada ya tonge mbili aliangalia simu, maana siku hizi simu ndiyo kivuli na nyota. Zamu yake ilipokwisha akaruka kwenda kuondoa jiwe. Bi Mkubwa alimfungia sambusa, akamfokea kwa kula kama ndege.

Kisha akanigeukia mimi. Alitaka kujua kwetu migomba yote ile tunaifanyia nini. Nikamweleza mtori.

"Ndizi na nyama, mkaviponda? Bila nazi? Chakula cha mgonjwa hicho."

"Cha mzazi, Bi Mkubwa."

"Basi mimi nimezaa saba. Nipikie."

Nimekubali. Ndizi mbichi za madukani hapa ni zile ngumu za kukaanga, hazipondeki zikalainika inavyotakiwa. Kwa hiyo, yeyote kati yenu anayepanda ndege kuja Muscat mwezi ujao, aniulizie forodhani kama ndizi za kwetu zinaruhusiwa kuingia, na kama jibu ni ndiyo, aniletee vichana viwili vya mshale. Nauli ya teksi kutoka uwanja wa ndege nitalipa mimi.

Wenu,
wa Muscat