Mbwa wa Mlangoni, Lushoto

Mwezi wa Julai baridi ya Lushoto hupenya blanketi. Mwenyeji wetu hufuga mbwa kulinda mahindi dhidi ya ngedere, nayo sharia imeruhusu mbwa wa shamba, wa mifugo na wa mawindo. Ndani haingii. Nasi wa madhehebu ya Shafi, tuoshao mara saba, moja kwa udongo, chombo alicholamba, hatukuona ajabu.

Usiku yakaanguka manyunyu, mbwa akalia. Watoto wetu hawakulala. Sisi tuliona haya kujifunika. Mama mwenyeji alitoka na taa, akamtandikia magunia makavu upenuni.

Asubuhi mumewe akaanza kujenga kibanda, uso kuelekea nyumba.

“Hata mbwa wa Ashabul Kahfi alilala kizingitini,” alisema.

Tukamshikia mbao.