Jiwe linalochemka na meno ya watu wa Singida

Nimekuwa kimya karibu wiki tatu, na wale mlioniandikia kuuliza kama nimeolewa na kazi, jibu ni ndiyo. Leo nataka kuandika jambo ambalo gazetini halikupata nafasi. Mhariri alilisoma, akanirudishia, akasema habari ya meno na mawe haiuzi. Sawa. Hapa kibarazani mhariri ni mimi.

Nianze na meno yangu mwenyewe, maana wengi mmekuwa mkiniuliza kwa adabu. Yana madoa ya kahawia. Si sigara, si kahawa, na mswaki napiga. Ni maji. Mimi ni mtoto wa Singida, na maji ya visima vingi vya kwetu yana floraidi nyingi. Watu wa Arusha na Manyara mnanielewa bila maelezo. Nilipofika chuoni Dar kuna jamaa waliniita "Mzee wa Magadi" kwa miaka mitatu, na nilijifunza kucheka huku nimefumba mdomo. Mpaka leo nikimhoji mheshimiwa nacheka hivyo hivyo, naye anadhani nina heshima nyingi.

Sasa, kwa nini naandika leo? Dada yangu ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mwezi uliopita akanipigia simu akasema, mdogo wangu, kuna kijana anapita mitaani anauza unga wa jiwe la kuchuja maji, eti linaitwa zeolaiti, linatoa sumu zote, na floraidi nayo inatoka. Ukiweka kijiko kwenye ndoo asubuhi maji ni salama, na ukinywa unga wenyewe unasafisha damu. Ninunue?

Mimi nilisoma uandishi wa habari, kemia niliiacha kidato cha nne na haikunisikitikia. Ila nina rafiki tuliyekaa chumba kimoja Mlimani, yeye alisomea kemia na siku hizi kazi yake ni hiyo hiyo, kutengeneza zeolaiti na kuzipima. Nikamwambia dada asubiri, atume pakiti moja ya huo unga na chupa ya maji ya kisimani kwao. Vikaja kwa basi, vimefungwa pamoja na kuku wawili. Msafiri wa Singida hatumi kitu bila kuku.

Kabla ya matokeo, ngoja niwaeleze jiwe lenyewe, kwa sababu kijana yule hakudanganya kila kitu.

Mwaka 1756 Mswidi mmoja, Axel Cronstedt, alichoma kijiwe akaona kinatoa mvuke kama kinachemka. Akakiita zeolaiti, kwa Kigiriki ni jiwe linalochemka. Maji yalikuwa yamejificha ndani. Rafiki yangu ananieleza hivi: chukua silikoni, alumini na oksijeni, zijenge kama matofali ya kuchoma, lakini kila ukuta uwe na madirisha, na madirisha yote yawe na ukubwa mmoja kabisa. Aina wanayoiita zeolaiti A dirisha lake ni kama sehemu 0.4 ya nanomita. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Molekuli ndogo inapita, kubwa inabaki nje. Na kwa sababu ndani ni vyumba vitupu, kijiko kimoja kilichojaa unga huo, ukiutandaza kuta zake zote, unaweza kufunika uwanja wa mpira. Mimi nilimwambia aache utani. Akanichorea hesabu kwenye risiti ya chipsi.

Asili inazitengeneza zenyewe. Majivu ya volkano yakiangukia maji ya magadi na kukaa miaka mingi, zeolaiti zinaota. Mjiolojia Mmarekani Richard Hay aliandika juu ya zeolaiti za Olduvai mwaka 1963, na huko Bonde la Ufa kwenye maziwa ya magadi zipo. Yaani tuna jiko la Mungu lililokuwa likipika kitu hiki kabla binadamu hajajua kuwasha moto. Viwandani walikuja kuiga baadaye. Richard Barrer alifanya kazi hiyo Uingereza kuanzia miaka ya 1940, na mwaka 1949 Robert Milton wa Union Carbide kule Marekani akapata zeolaiti A. Leo aina za majengo yake zinazotambuliwa ni zaidi ya 200, nyingi hazipo kabisa porini. Petroli inayoingia kwenye bodaboda imepita kwenye zeolaiti kiwandani. Sabuni nyingi za unga zinayo, kazi yake ni kunyang'anya maji yale madini ya kalisi yanayozuia povu. Mashine za oksijeni hospitalini, zile ambazo wote tulijifunza umuhimu wake wakati wa korona, ndani yake kuna punje za zeolaiti zinazokamata naitrojeni ya hewa na kuacha oksijeni ipite kwa mgonjwa.

Rafiki yangu anatengeneza yake kwa udongo mweupe, kaolini, kama ule wa Pugu. Anauchoma kwenye tanuru mpaka nyuzi 600 na zaidi ili uvunjike mpangilio wake wa zamani. Kisha anauchanganya na kostiki, ile ya watengeneza sabuni, na maji, anaufunga kwenye chupa ya plastiki ngumu na kuuweka kwenye oveni karibu nyuzi 90 kwa saa kadhaa. Anausafisha, anaukausha. Unatoka unga mweupe. Ukichelewa kuutoa, au kostiki ikizidi, unageuka kitu kingine kiitwacho sodalaiti, ambacho madirisha yake ni madogo mno na hakina faida aliyoitaka. Nacho ni unga mweupe vile vile. Kwa macho, kwa ulimi, kwa kidole, hutofautishi.

Hapo ndipo nilipopenda kazi yake, maana inafanana na yangu. Unga wowote mweupe unaweza kudai ni zeolaiti, kama mwanasiasa yeyote anavyoweza kudai ni mtetezi wa wanyonge. Unahojije unga? Unaupiga eksirei. Miali inagonga safu za atomu na kurudi kwa pembe maalumu, na mashine inachora mstari wenye vilele. Kila aina ina vilele vyake, kama alama ya kidole. Halafu unaupima unameza gesi kiasi gani ili kujua vyumba vya ndani ni vitupu au vimeziba. Ndipo unaandika ripoti.

Basi pakiti ya dada ikapigwa eksirei. Nilitegemea chokaa. Nilishaandaa na kichwa cha habari, "Wauziwa chokaa kwa jina la sayansi". Kumbe vilele vilitoka safi: klinoptilolaiti, zeolaiti ya asili, inayochimbwa nchi nyingi. Kijana aliuza jiwe halisi.

Tukaweka unga huo kwenye maji ya dada. Maji peke yake yalipita mara mbili ya kikomo, na kikomo ninachosema ni miligramu 1.5 kwa lita, cha Shirika la Afya Duniani. (Tanzania kwa miaka mingi, tangu 1974, iliruhusu mpaka 8 kwa sababu maji mengine hayakuwepo. Baadaye ikashuka hadi 4, na siku hizi ni 1.5 kama wengine. Mimi ni zao la enzi za ruhusa.) Tukatikisa, tukaacha usiku kucha, tukapima tena asubuhi. Floraidi ilikuwa pale pale, haikushuka cha kuonekana.

Rafiki yangu hakushangaa hata kidogo. Alumini ndani ya kuta za zeolaiti inazipa chaji hasi. Ndiyo maana inavuta vyenye chaji chanya: kalisi, risasi, amonia. Floraidi ndani ya maji ina chaji hasi. Hasi na hasi wanasukumana. Ni kama kumtuma mtu akakamate kuku ilhali kila akinyoosha mkono kuku anarushwa mbali zaidi. Jiwe ni zuri, kazi uliyolipa si yake.

Inaweza kufundishwa? Ndiyo. Ukiloweka zeolaiti kwenye maji ya shabu ili ioni za alumini zikae juu ya kuta, floraidi inapata pa kushika. Aliifanya na pakiti hiyo hiyo na kipimo kikashuka kweli. Kule Addis Ababa watafiti wakishirikiana na Wahispania walichapisha mwaka 2013 njia nyingine: wanachukua zeolaiti ya asili ya Ethiopia na kuotesha juu yake punje ndogo sana za hidroksiapataiti, madini yale yale ya mifupa na meno. Floraidi inapenda mifupa, basi wanaitegea mfupa. Kwetu Arusha, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kwa mantiki hiyo hiyo. Na Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, mtoto wa Karatu, alishinda mwaka 2015 tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa kichujio chake cha mchanga na nanomata. Watu wapo, kazi inafanyika.

Nikamuuliza rafiki yangu, sasa nimpelekee dada hiyo ya shabu? Akakataa kabisa. Nani atapima kila wiki kama bado inashika? Ikishajaa inaacha kukamata na haikwambii, maji yanabaki yale yale meupe. Na alumini inaweza kuachia ikaingia kwenye maji. Kitu hicho kinataka mtambo wa kijiji, mtu wa kukiangalia na kifaa cha kupimia. Si kijiko na ndoo. Mkaa wa mifupa nao nilimtajia dada, akauliza swali moja tu: mifupa hiyo nani alichinja? Sikuwa na jibu, na kwa nyumba yenye baba mkwe kama wake, hilo swali lina uzito.

Kuchemsha? Haisaidii, maji yanapungua na floraidi inabaki, kwa hiyo inakolea. Dawa ya klorini inaua vijidudu tu.

Na muda unakwenda. Meno ya mbele ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi tangu mtoto akiwa na miezi michache, na hadi anafika miaka minne au mitano rangi yake imeshaamuliwa, ingawa atayaona akiwa darasa la kwanza. Maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo sana, kwa hiyo huyu mpwa wangu alikuwa salama mpaka alipoanza uji. Uji unapikwa kwa maji ya kisima. Makande yanalainishwa kwa magadi, na magadi nayo mara nyingi yana floraidi. Madoa ni aibu tu, mtu unaishi nayo. Lakini maji makali zaidi, kwa miaka mingi, yanakaza viungo na kupinda mifupa.

Tukarudi kwenye hesabu za risiti ya chipsi. Singida inapata mvua kama milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Bati la nyumba ya dada ni kama mita za mraba 40. Hata ukichukua mwaka mbaya wa milimita 500, na ukapoteza robo, ni lita 15,000. Maji ya kunywa na kupikia chakula cha mtoto na mama yake, tuseme lita 10 kwa siku. Miezi saba ya kiangazi ni siku 210, yaani lita 2,100. Simtanki la lita 3,000 linabaki na akiba. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutisha. Yanataka gata, chujio la kitambaa mdomoni, mvua ya kwanza imwagwe kwa sababu ya vumbi na kinyesi cha ndege, na kuchemsha kabla ya kunywa. Kufua, kuoga na kumwagilia mchicha, kisima kiendelee.

Nilipompigia dada nikamweleza yote haya, kuanzia Cronstedt mpaka gata, alinyamaza kidogo akasema, "Kwa hiyo ulihitaji mashine ya eksirei kuniambia nikinge mvua?" Nikamwambia ndiyo, dada. Akacheka. Yeye meno yake ni kama yangu, lakini hucheka mdomo wazi, hakuwahi kusoma Dar.

Shemeji ameahidi kununua gata na kumlipa fundi. Tenki tumegawana mimi na kaka, kaka bado hajatuma sehemu yake (anasoma hapa, salamu zake). Kijana wa unga alipita tena Jumamosi. Dada akamwambia jiwe lake ni la kweli ila floraidi halikamati, akamweleza mambo ya hasi na hasi kama nilivyomweleza mimi. Anasema kijana aliandika kwenye daftari.