Juni ya Sinza: Likizo, Madaftari na Mbao Inayozama

Mwambie mtu yeyote wa Dar kwamba jioni unaelekea Sinza, swali lake la kwanza litakuwa unakunywa wapi. Si kosa lake. Sinza imejijengea jina kwa nyama choma, muziki na viti vya plastiki vinavyosogea barabarani kadiri giza linavyoingia. Hata vituo vyake vya daladala vina mbwembwe zake: Mori, Kijiweni, Makaburini, Afrika Sana, na Kwa Remmy, kilichobeba jina la mwanamuziki Remmy Ongala aliyefariki Desemba 2010.

Lakini mpenzi msomaji, kuna Sinza nyingine. Pita Juni, shule zikiwa zimefungwa, saa mbili asubuhi. Baa bado zinafagiliwa. Barabarani wamejaa watoto wenye madaftari na chupa za maji, na kila nguzo ya umeme imebandikwa karatasi: hesabu, sayansi, Kiingereza, walimu wazoefu, piga namba hii. Ni msimu wa tuisheni ya likizo.

Kwa wasioijua historia yake, Sinza haikuota kama uyoga. Ni zao la mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, uliofanywa na serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Serikali ilipima viwanja na kuleta huduma, mwananchi akajenga mwenyewe kwa uwezo wake. Ndiyo maana tuna Sinza A mpaka E. Viwanja vile vilikuwa vidogo, na leo uani kwa wengi kuna vyumba vya kupangisha, saluni au grosari. Mtoto akifunga shule, pa kuchezea ni sebuleni mbele ya runinga, au barabarani mbele ya bodaboda.

Ugomvi wa kila Juni

Sio siri, hapo ndipo ugomvi wa wazazi vijana unapoanzia. Kwetu ulianza mara tu binti yetu wa darasa la sita alipoleta ripoti yake. Mume wangu alitaka tuisheni, asubuhi mpaka saa kumi, siku sita kwa wiki. Mimi nilitaka mtoto apumzike na aone mji wake.

"Mama watoto," aliniambia, "mtihani hauulizi vinyago."

Ana hoja, tusimcheke. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto anaingia sekondari anakuta kila kitu Kiingereza. Mzazi anayeliona lile korongo mbele lazima atafute daraja. Na mkiwa wote mnafanya kazi Posta, tuisheni inatatua tatizo jingine ambalo hatulisemi kwa sauti: mtoto atakaa na nani mchana?

Suluhisho lilitoka kwa jirani mmoja. Wazazi saba tukachanga, tukawapata walimu vijana wawili waliomaliza chuo na walikuwa wanasubiri ajira. Jirani akatoa kibaraza chake, tukakodi viti vya plastiki, vile vile vya baa. Mpango ulikuwa wa wiki tatu: asubuhi hesabu na Kiingereza, na mchana wa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi watoto wanatoka na walimu. Sharti moja: kila safari lazima mzazi mmoja aende. Zamu zilipangwa, na akina baba hawakusamehewa.

Ndoo, mpingo na msonobari

Safari ya kwanza ilikuwa Mwenge, kwa wachonga vinyago. Kutoka Sinza ni daladala moja, na ujue kwamba konda hana habari na likizo: mtoto bila sare ya shule, nauli ya mkubwa. Watoto waliomba vipande vya mpingo vilivyobaki kwenye uchongaji, wakarudi navyo kibarazani. Ticha akaleta ndoo ya maji na kipande cha msonobari.

Msonobari ukaelea. Mpingo ukazama kama jiwe.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka kwa muuza chipsi. Mbao inazamaje? Ticha hakujibu. Aliwapa mzani wa jikoni na rula, wakapima, wakagawanya uzito kwa ujazo, wakagundua wenyewe kwamba mpingo ni mzito kuliko maji ya ujazo ule ule. Jioni binti yangu alikuwa anatumbukiza kila kitu kwenye beseni, mpaka rimoti nikaiwahi.

Wiki ya pili walikwenda Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepakana na Sinza, ni kuvuka Barabara ya Sam Nujoma tu, ila watoto wengi wa Sinza wanaijua zaidi Mlimani City. Chuo kilianza 1961 na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani 1964, kikawa chuo kikuu kamili 1970. Watoto waliona Ukumbi wa Nkrumah, ule mliouzoea kwenye noti ya shilingi 500 kabla sarafu haijaanza kuchukua nafasi yake 2014. Wakahesabu tumbili, wakachora grafu ya tumbili kwa kila saa. Mtoto mmoja akauliza kama kusoma hapo ni lazima baba yako awe na gari. Ticha, ambaye alisoma hapo hapo na alikuja kwa daladala, alicheka peke yake.

Zamu ya baba

Jumamosi ya mwisho ilikuwa Kijiji cha Makumbusho, pale Kijitonyama, penye nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania. Zamu ilimwangukia mume wangu. Alikuja na simu mbili na uso wa mtu anayehesabu dakika.

Kazi ya siku ilikuwa kupima msonge, nyumba ya Wahaya, ile ya duara iliyoezekwa nyasi mpaka chini. Watoto wakazungusha kamba, wakapata mzingo, wakagawanya kwa 22/7 kupata kipenyo. Binti yetu akamwita baba yake ashike ncha ya kamba.

Alipoinama kuingia mlangoni, alinyamaza. Kisha akaanza kusimulia: bibi yake Kagera alikuwa na nyumba kama hii, huku ndiko alikolala, kule ndiko ng'ombe walikokaa, na moshi ulivyokuwa ukiwatoa machozi wote. Watoto kumi na mmoja wakakaa chini kumsikiliza. Tumeoana miaka kumi na mbili, na mimi pia nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza.

Usiku ule binti alimuuliza baba yake maswali mpaka saa nne. Simu zilikuwa mezani, zinaita, hakuna aliyezipokea. Kuhusu tuisheni bado hatujakubaliana: yeye anataka asubuhi iongezwe saa moja, mimi nataka safari ziongezwe. Ila Juni ijayo ameshajiandikia zamu mbili.

Kabla hamjalipa

Kama wewe na mwenzi wako mnatafuta mpango wa likizo, iwe Sinza, Tabata au Temeke, kaeni chini kwanza mkubaliane mambo haya:

Mtoto anahitaji nini hasa? Aliyeachwa nyuma kwenye hesabu asaidiwe hesabu, lakini anayechoka asifungiwe kutwa kwa sababu mtoto wa jirani amefungiwa.

Ulizeni watoto wangapi kwa mwalimu mmoja, choo kiko wapi, na nani anawavusha barabara.

Angalieni kilicho karibu. Mwisho wa Juni yanafunguliwa maonyesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa. Kwa wenye mabinti, Apps and Girls, iliyoanzishwa 2013 na Carolyne Ekyarisiima, imefundisha wasichana wengi kuandika programu za kompyuta. Ulizieni ratiba zao.

Na la mwisho: tengeni siku yenu. Ada mnaweza kuilipa kwa simu mkiwa ofisini. Ile ncha ya pili ya kamba inahitaji mtu wa kuishika.