Usikimbilie riseti

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, kazi ilinibana mno. Nimerudi, na leo sina habari za lugha za programu. Nataka tuzungumze juu ya kile kidude kilichochomekwa nyuma ya runinga yako, kile kinachokuletea filamu, mpira na misa ya Jumapili kupitia intaneti. Ukisomea kompyuta chuo kikuu, jamaa zako hawajali kama ulibobea kwenye hifadhidata au kwenye kitu gani. Kwao wewe ni fundi wa kila chenye waya. Hivi vidude vimenipigisha simu kuliko kitu kingine chochote, na karibu kila simu huanza hivi: "Kimegoma. Nimeambiwa nikiriseti. Nibonyeze?"

Usibonyeze. Riseti hufuta kila kitu: akaunti, nywila ya waifai, programu ulizoweka, mipangilio yote. Na mara nyingi tatizo haliko ndani ya kidude. Liko kwenye umeme, kwenye waifai, au kwenye saa. Ukiriseti unabaki na tatizo lile lile, na juu yake unaanza kutafuta nywila uliyoiandika mara ya mwisho miaka minne iliyopita.

Chukua umeme. Watu wengi huchomeka waya wa kidude kwenye tundu la USB la runinga, maana liko pale pale na linaokoa soketi. Sasa, tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa nusu ampea, yaani 0.5 A kwa volti 5. Vidude vingi vinataka ampea 1 au zaidi, hasa video inapoanza kucheza. Dalili yake ni kwamba kinajizima na kujiwasha chenyewe, au kinafika kwenye nembo kisha kinarudi mwanzo. Mwenyewe husema kimekufa. Kichomeke ukutani kwa adapta iliyokuja nacho na waya uliokuja nacho, si ule mwembamba wa kununua njiani. Kwa ushauri huo mmoja nimefufua vidude vingi kuliko kwa chochote nilichofundishwa darasani.

Ikiwa picha inakwama na kale kaduara kanazunguka tu, usilaumu kidude mapema. Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p na 15 kwa 4K, kwa hiyo kifurushi cha kawaida cha nyumbani kinatosha, mradi kasi hiyo ifike nyuma ya runinga. Hapo ndipo penye kazi. Kidude kimebanwa kati ya ukuta na mgongo wa runinga wenye bati, halafu tunashangaa kwamba hakisikii ruta. Kile kipande kifupi cha waya wa HDMI unachokikuta kwenye boksi la baadhi ya vidude, ambacho watu hukiacha humo humo, kimewekwa ili ukitoe kidude nje kidogo kipate hewa. Halafu kuna majirani. Kwenye ghorofa zetu za Nairobi bendi ya 2.4 GHz imejaa kama matatu ya saa kumi na mbili jioni. Chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na jengo zima linazigombania. Ruta ikiwa chumba hicho hicho, hamia 5 GHz. Zikiwepo kuta mbili tatu katikati, baki kwenye 2.4, hupenya vizuri zaidi.

Memori nitapita haraka. Vidude vingi vya bei nafuu vina gigabaiti 8 tu, na mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa. Programu ikigoma kufunguka, nenda kwenye mipangilio ufute kache yake. Futa kache, si data, maana ukifuta data utatolewa kwenye akaunti.

Na kama ni kile kijisanduku cha Android kisicho na jina, ulichouziwa kwa ahadi ya chaneli zote bure milele, mimi sikitengenezi. Mwezi Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo juu ya BADBOX 2.0, programu hasidi iliyoingia kwenye mamilioni ya vifaa vya nyumbani, vijisanduku vya aina hii vikiwemo. Vingine hutoka kiwandani vikiwa nayo tayari, ndani ya mfumo wenyewe, kwa hiyo riseti haiiondoi. Kichomoe.

Sasa saa, ambayo hakuna anayeishuku. Programu kwenye runinga ikizungumza na seva, seva huonyesha cheti. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kidude hukilinganisha na saa yake. Tarehe zisipokubaliana, mazungumzo yanakatwa. Wewe unachokiona kwenye kioo ni "hakuna muunganisho" au maneno kama hayo yasiyosaidia mtu. Tarehe 9 Machi 2025 wenye Chromecast za kizazi cha pili, zile zilizoanza kuuzwa mwaka 2015, waliambiwa na simu zao kwamba kidude hakiaminiki. Hakuna aliyekuwa ameharibu kitu. Cheti kimoja cha miaka kumi kilichowekwa ndani ya vidude hivyo kilikuwa kimekwisha muda. Google waliwaomba watu wasiriseti, kisha wakatuma marekebisho kupitia intaneti ndani ya siku chache. Waliokuwa wamekwisha kubonyeza ndio waliotaabika zaidi, kwa sababu kidude kilichorisetiwa kilikataa kuunganishwa upya.

Lakini mimi saa niliijua vizuri kupitia kwa mama, kule Voi. Kidude chake si cha aina hiyo, ni kingine, na kilinunuliwa na baba. Baba alikiunganisha na akaunti yake mwenyewe, na runinga ikikaa bila kazi huonyesha picha kutoka kwenye akaunti hiyo: mipapai yake, harusi ya dada yangu, bibi akiwa kibarazani, na risiti za duka la vifaa vya ujenzi alizozipiga picha zisipotee. Baba alifariki. Simu yake ilipotea siku zile zile za msiba, na nywila hakumwachia mtu. Kwa hiyo mlango pekee tulio nao wa kuingia kwenye zile picha ni kile kidude. Mama huwasha runinga asubuhi akaiacha hivyo hivyo, anapika huku zinapita. Hata risiti anaziangalia.

Siku moja stima ikapotea usiku kucha. Iliporudi, kidude kikasema hakuna intaneti, ilhali simu ya mama kwenye waifai ile ile ilikuwa sawa. Akaita fundi. Aliponipigia, fundi alikuwa ameshika rimoti, anataka shilingi 1,500 akiflashi.

"Mama, mwambie asiguse kwanza. Niangalizie tarehe pale juu."

"Inasema Januari moja."

"Mwaka gani?"

"Sabini. Mwanangu, sabini hata mimi nilikuwa mtoto."

Mifumo ya aina hii huhesabu muda kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Kidude cha mama hakina betri ya saa kama simu. Kikikatiwa umeme kinasahau, na kikiwaka kinauliza saa mtandaoni. Tatizo ni kwamba chenyewe huwaka chini ya dakika moja, na ruta huchukua dakika kadhaa kuupata mtandao. Kikauliza, kikakosa jibu, kikabaki 1970, na kwa mtu wa 1970 kila cheti cha leo bado hakijaanza kutumika. Nikamwambia mama akichomoe, anywe chai, angoje taa za ruta zitulie, ndipo akichomeke. Kingekataa, tungeweka tarehe kwa mkono kwenye mipangilio. Hakikukataa. Nilisikia mama akimwambia fundi, "Huyo hapo," kwa hiyo nikajua picha zimerudi. Fundi alilipwa nauli.

Tangu hapo nyuma ya runinga kuna karatasi ya mwandiko wa dada: RUTA KWANZA, NGOJA DAKIKA TANO, HALAFU HII. Nami nilipokwenda Voi nilikaa mbele ya kioo siku mbili na kamera, nikipiga kila picha inapopita. Zinakuja bila mpangilio na nyingine hurudi mara tatu. Nina 212 hadi sasa, na sijui ziko ngapi. Nywila bado tunaitafuta, dada anapitia madaftari ya baba ya shamba moja moja. Kama umewahi kupitia jambo kama hili na ukafanikiwa, niandikie.