Majani ya Mama Mkubwa

Mama mkubwa alipopanda mchaichai mbele ya mlango wetu hapa Nyarugusu, majirani walicheka. Watu wanapanda mchicha na maharage, yeye anapanda majani! Na kwenye chai aliyatia mara moja moja tu. Alichotaka ni mstari wa kijani kutoka mlangoni hadi njiani, kama ule aliouacha Baraka, ili mgeni akifika ajue hapa wanakaa watu.

Faili yake ikapita, akaenda Marekani. Yangu ikabaki. Asubuhi ya kuondoka aliniachia sufuria mbili, jembe na amri moja: "Majani yangu yasikufe."

Mwaka uliofuata yakaanza kufa. Ncha ziligeuka kahawia, halafu katikati ya kila kichaka pakawa wazi kama kipara: pembeni majani membamba, ndani vijiti vikavu. Nikadhani ni kiu. Foleni ya bomba wakati wa kiangazi mnaijua, lakini kila jioni nilitoa nusu dumu. Namwagia, yanazidi kukauka. Nikaongeza na maji ya kuoshea vyombo, yenye sabuni na mafuta. Nafikiri hapo ndipo niliharibu zaidi.

Na kila akipiga simu: "Majani yangu yako je?" Yako sawa, mama mkubwa. Nami nikimuuliza habari za huko, kuko sawa, ni baridi tu.

Mzee mmoja aliyelima Fizi miaka mingi alipita akasimama. Akachomeka kidole katikati ya kichaka. "Hii haina kiu, mtoto wangu. Imesongana. Leta jembe." Nikakataa. Nikate majani ya mtu aliyeniambia yasife? Alicheka, akaenda zake. (Kuhusu miti na mboga semina zipo. Majani ya urembo hayana semina.)

Nilikaa na neno lake hadi mvua za Novemba. Siku hiyo nikafyeka majani yote, nikabakiza shubiri moja tu. Mlango ukawa uchi, nikaona aibu. Kisha nikang'oa kichaka kizima. Chini mizizi ilikuwa imefumana kama mkeka, udongo karibu umekwisha. Yale ya katikati yalikuwa yamekufa zamani, nikayatupa. Ya pembeni niliyapasua kwa mikono, nikachagua yenye shina jeupe na mizizi kidogo, nikayavua maganda makavu. Nikachimba mashimo, hatua moja kutoka shimo hadi shimo, nikachanganya udongo na samadi ya mbuzi iliyokauka vizuri. Mzee alirudi, akanikataza kufukia kwa kina: sehemu nyeupe ikizama sana, inaoza. Nikatandaza nyasi kavu juu.

Miche ilikuwa 11. Wiki ya kwanza ilionekana kama vijiti vya kuchezea watoto. Wiki hiyohiyo simu ikalia.

"Majani yangu yako je?"

Sijui kwa nini siku ile sikuweza. Nikamwambia nimeyakata yote, mama mkubwa, yalikuwa yanakufa tangu kiangazi, nilikuwa nakudanganya. Akanyamaza mpaka nikaangalia kama mtandao umekatika. Halafu akasema na yeye hajatoka nje siku nyingi. Barafu imejaa mlangoni, basi hajui kulipanda, jirani hajui jina lake. Tuliongea hadi salio lake likaisha. Toka aondoke hatukuwa tumeongea hivyo.

Kabla simu haijakatika aliuliza ni mingapi imeshika. Sikuwa na jibu. Nilitoka na tochi ya simu, nikainama mche kwa mche nikitafuta jani jipya katikati. Minane ilikuwa nayo. Miwili ilikuwa imeoza, na mmoja kuku wa jirani aliuchakura.

Sasa mstari umefika njiani tena, na miche ya ziada ipo. Anayetaka apite jioni, aje na jembe lake.