Mionzi, matatu na kibofu cha baba

Nimekuwa nikimsindikiza baba hospitali. Ana saratani ya tezi dume na amepangiwa mionzi mara 20, Jumatatu hadi Ijumaa.

Sharti lake ni moja: kibofu kiwe kimejaa kwa kiasi kilekile kila siku. Tezi dume imekaa chini ya kibofu, mbele ya utumbo wa haja kubwa. Kibofu kikijaa, husukuma utumbo mdogo juu, na sehemu kubwa ya kibofu chenyewe hukaa mbali na miale.

Sasa jaribu kubana mkojo ndani ya matatu kutoka Waithaka, barabara imefungana, nawe una miaka 71. Siku ya tisa baba alishuka Dagoretti Corner, akasema anakwenda kununua gazeti. Hakurudi na gazeti.

Hospitali, binti aliyempiga picha kabla ya mionzi alimwinamia akamwuliza polepole: "Guka, umekojoa?" Baba akatazama pembeni. Akapewa maji, tukasubiri karibu saa nzima.

Pale kwenye benchi nililiona tatizo kwa jicho la mtunga programu. Mpango wa mionzi huchorwa kwa skani ya siku moja, kama kuandika namba moja kwa moja ndani ya programu ilhali namba hiyo hubadilika kila siku. Madaktari hujikinga kwa kuongeza ukingo kuzunguka tezi. Ukingo huo hugusa kibofu na utumbo, na hapo ndipo hutoka mkojo unaochoma na kuharisha.

Mwaka 1997 Di Yan na wenzake wa hospitali ya William Beaumont, Michigan, walieleza mionzi inayojirekebisha: upime mwili unavyobadilika, urekebishe mpango. Leo mashine kama Ethos ya Varian na Unity ya Elekta huweza kuchora mpango upya mgonjwa akiwa bado kitandani. Na kuiona tezi vizuri tu kuna faida: mwaka 2023 jaribio la UCLA, Marekani, lenye wanaume 156, lilitumia MRI kupunguza ukingo kutoka milimita 4 hadi 2. Waliopata matatizo ya mkojo ya kadiri au makali walikuwa asilimia 24.4, badala ya 43.4.

Baba hatibiwi kwa mashine hizo. Kwake, habari za mwili wa leo hutoka kwenye picha ya yule binti na kinywani mwake mwenyewe. Siku hizi tunatoka alfajiri, na maji anakunywa tukishafika. Amebakiza siku nne.

Kama una mzee anayetibiwa hivi, muulize habari za mkojo. Yeye hatakuanza.